Natumika kanisani miaka 11 ila nikiwa peke yangu na Mungu sina cha kumwambia, nianzie wapi?

Sauti ya Pili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii post nimeiandika nikaifuta mara tatu, leo naituma hivyo hivyo, mnivumilie ni ndefu.

Mimi ni mama, niliokoka nikiwa na miaka 16, nimeimba kwaya, nafundisha watoto Jumapili, na miaka 11 sasa niko kwenye timu ya maombezi. Watu wananipigia hata usiku niwaombee na naomba kweli, siigizi, na wengine wanarudi na ushuhuda. Kwahiyo ukiniona kanisani utasema huyu yuko karibu sana na Mungu. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo.

Miezi minne iliyopita mwanangu alilazwa, hali ikawa mbaya, baba yake yuko safarini, ni saa nane usiku wodi yote kimya, nimekaa kwenye stuli nimeshika mguu wake. Nikafumba macho niombe. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, "Baba katika jina la Yesu tunakuja mbele zako usiku huu", nikajisikia mwenyewe ile TUNAKUJA. Tunakuja na nani? Niko peke yangu pale. Nikanyamaza nikatafuta maneno yangu mimi, ya mama ambaye mtoto wake anaumwa, sikuyapata. Yaani ni kama una namba ya mtu kwenye simu miaka yote, kila mwenye shida unampa, halafu siku yako inafika unapiga unagundua we mwenyewe hujawahi kuongea naye. Nilikaa kimya mpaka kukakucha.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu sana. Ila ile kitu haijaniacha. Nikiwa mbele za watu maombi yanatiririka, nikifunga mlango nyumbani nabaki natazama ukuta. Na nikisoma Mathayo 7, wale waliosema Bwana Bwana hatukufanya unabii kwa jina lako, wakajibiwa sikuwajua ninyi kamwe, naogopa. Wale walikuwa wanatumika jamani. Hawakuwa wapagani.

Swali langu, uhusiano wa karibu na Mungu unaujengaje wakati umeshakuwa mzoefu wa kanisa? Mtu mpya anafundishwa, mimi ndo nafundisha, nikamuulize nani? Kwa mchungaji naona aibu.

Mlinzi wa Zamu

Amen dada. Jibu liko wazi, Marko 1:35, Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo watu akaomba. Amka mapema, soma Neno kila siku, funga. Na pia jichunguze kama kuna dhambi hujaitubu maana dhambi ndo inaweka ukuta, Isaya 59:2. Mungu hajahama, aliyehama ni mtu.

Sauti ya Pili

Asante kaka. Kuhusu kutubu nimekaa nalo kweli, nimetubu hata vitu vya zamani sana. Kuamka naamka, saa kumi na moja kila siku niko macho. Biblia nimeimaliza yote mara mbili. Ila nikiwa mkweli nasoma huku nawaza somo la watoto, au nawaza hii nitaitumia kwenye maombezi Ijumaa. Sijui kama naeleweka. Mstari ukinigusa tu, kabla haujashuka moyoni tayari nimeshaupangia watu wengine.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Binti yangu, unaeleweka sana. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na hicho ulichoandika hapo juu kuhusu mstari nimekipitia, nikaishi hivyo muda mrefu kuliko wewe na hakuna aliyejua, hata mke wangu.

Naomba nikutoe kwenye Mathayo 7 kidogo maana naona imekukaba. Nenda 1 Samweli 3. Yule kijana Samweli analala ndani ya hekalu, pale pale lilipo sanduku la Mungu, anamtumikia BWANA chini ya kuhani Eli, asubuhi ndiye anayefungua milango ya nyumba ya BWANA. Halafu mstari wa 7 unasema alikuwa hajamjua BWANA bado. Soma tena polepole. Anafungua milango ila mwenye nyumba hajamjua! Na ukiangalia Mungu hakumkaripia hata neno moja. Hakumwambia umenidanganya miaka yote hii. Alimwita kwa jina lake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara kijana anakimbilia kwa Eli maana sauti aliyoizoea ni ya Eli, anajua akiitwa basi kuna kazi ya kufanya. Mpaka yule mzee mwenyewe, pamoja na mapungufu yake yote, akaelewa ni nani anayeita, akamwambia rudi ukalale, ukiitwa sema nena BWANA kwa kuwa mtumishi wako anasikia.

Sasa mimi naona ile usiku wa hospitali ndo ulikuwa unaitwa. Wewe umeichukulia kama hukumu, mimi naona ni mwito. Mtu ambaye Mungu amemtupa hasumbuliwi usiku na neno "tunakuja".

Na kuna mwingine, yule kaka mkubwa kwenye Luka 15. Wote tunahubiri mwana mpotevu ila huyu mkubwa ndo sisi tulio ndani. Hakuondoka nyumbani hata siku moja, na bado akizungumza na baba yake anahesabu, nimekutumikia miaka mingapi hii, sijakosa amri yako. Anaongea kama kibarua anayedai. Baba anamjibu mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote na vyote nilivyo navyo ni vyako. Mwanangu! Kumbe mtu anaweza kukaa nyumba moja na baba yake akabaki anamjua kama bosi. Ukitaka kujua nilivyolia siku nilipouona huo mstari, acha tu.

Kwahiyo ushauri wangu usiongeze kazi yoyote. Wewe una kazi za kutosha.

Mjoli

Samahanini wakuu nitatofautiana kidogo na naomba mnielewe kwa upendo.

Hii lugha ya "uhusiano binafsi na Mungu" siku hizi tunaisema mpaka inawaumiza watu kama dada yetu. Hayo maneno yenyewe hayamo hivyo kwenye Biblia. Yesu alipofundisha kuomba alisema Baba YETU, UTUPE leo riziki yetu, UTUSAMEHE, USITUTIE majaribuni, yote ni wingi. Kanisa la kwanza Matendo 2:42 walidumu katika fundisho la mitume na ushirika na kuumega mkate na kusali, pamoja. Dada anasema "tunakuja" kana kwamba amekosea, mi naona alikuwa sahihi kabisa, hata pale wodini hakuwa peke yake, kanisa lilikuwa linakuja naye.

Na nimeona madhara ya upande wa pili. Mtu anakwambia mimi na Mungu wangu tunaelewana, kanisani haendi, akionywa hasikii, kila analotaka kufanya anasema Mungu kaniambia. Huo ukaribu gani? Yohana anasema asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Tusifanye imani ikawa hisia za mtu mmoja chumbani.

Jiwe la Msaada

Mjoli nakubaliana na wewe nusu, hasa hapo kwa "Mungu kaniambia". Ila soma Mathayo 6 kuanzia juu. Mstari wa 6 Yesu anasema wewe usalipo ingia katika chumba chako cha ndani, ukiisha kufunga mlango usali mbele za Baba yako aliye sirini. WEWE, chumba CHAKO, Baba YAKO. Halafu mstari wa 9 ndo anasema salini hivi, Baba yetu. Maana yake ile Baba yetu inaweza kuanzia chumbani mlango umefungwa. Hajatuchagulisha. Unamwita Baba yetu ukiwa peke yako na yeye anakusikia kama Baba yako.

Na kuhusu neno halimo, sawa halimo hivyo, ila kitu chenyewe kimejaa. Henoko alitembea na Mungu. Abrahamu anaitwa rafiki wa Mungu. Musa, Kutoka 33:11, BWANA alisema naye uso kwa uso kama mtu asemavyo na rafiki yake. Yesu usiku ule wa mwisho anawaambia wanafunzi siwaiti tena watumwa, nimewaita rafiki. Yohana 17:3 uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe. Na hili "kujua" kwenye Biblia ya Kigiriki ndilo lile lile la Mwanzo 4, Adamu akamjua Hawa mkewe, hiyo siyo kujua kwa kusoma habari za mtu.

Halafu pazia. Patakatifu pa patakatifu, nyuma ya hilo pazia, aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena na damu. Yesu alipokufa pazia la hekalu likapasuka toka JUU hata chini, hakuna mkono wa mtu hapo. Kama Mungu angetaka tuendelee kumjua kupitia kwa mtu mwingine angeliacha lilivyo. Kwahiyo dada anachotafuta siyo fasheni ya siku hizi, ni kitu kilicholipiwa gharama.

Mjoli

Hilo la chumba na Baba yetu sikuwahi kuliona hivyo. Nimelipokea ndugu.

Mtumishi wa Altare

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki natumaini sijakosea uwanja, mada hii imenigusa.

Dada wewe shida yako ni maneno yako yamekauka, sisi tunaambiwa sala zetu ni za kukariri. Nikwambie tu, miaka mitatu iliyopita nilifiwa na mama yangu, na kwa karibu mwaka mzima sikuwa na neno hata moja la kwangu la kumwambia Mungu. Kilichonibeba ni hizo hizo za kukariri. Nilikuwa nasema Baba Yetu taratibu, nafika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama, nalia, naishia hapo, kesho naanza tena. Ilikuwa ni sala ya kweli kuliko nyingi nilizowahi kusali. Na Yesu mwenyewe pale Gethsemane, usiku mbaya kuliko yote, hakuwa na maombi marefu. Mathayo 26:44 inasema alikwenda akaomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Maneno yale yale! Na Marko anasema alimwita Aba. Mtoto mwenye hofu anamwita baba yake, anarudia.

Kitu cha pili, usipime ukaribu kwa kuhisi. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, barua zake zikachapishwa 2007 ndipo watu wakajua kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa kwenye giza, haoni uwepo wa Mungu, na wakati wote huo alikuwa anaamka anasali anahudumia wanaokufa. Kuna watu ziliwakwaza, mimi zilinipa nguvu. Alibaki kwenye mlango ambao haukuonekana kufunguka. Hata Zaburi zimo hivyo, ile ya 88 inaanza kwa kilio inaishia gizani, haina "lakini nitamsifu" mwishoni, na bado imewekwa kwenye kitabu cha sala. Kwahiyo hata kutazama ukuta mbele za Mungu ni kukaa mbele za Mungu, mradi hukuondoka.

Kijiti cha Mwisho

Dada mi siyo mtumishi, sijui maandiko kama hawa, nakupa nilichofanya tu.

Nilipoachishwa kazi nilikuwa na hasira na Mungu ila nilikuwa naomba vizuriii, asante Bwana kwa kila jambo, huku moyoni nimenuna. Siku moja natembea kwa miguu narudi nyumbani nikasema kwa sauti, sijapenda ulichofanya. Nikashtuka nikaangalia nyuma. Halafu nikaendelea, nikamwambia yote, njia nzima, ada za watoto, aibu, jinsi nilivyomwonea wivu rafiki yangu. Hakuna mwanga hakuna sauti. Ila usiku ule nililala. Tangu hapo huwa naongea naye nikitembea, vitu vya kawaida tu, leo nimechoka, yule mtu kaniudhi nisaidie nisimjibu vibaya.

Nikaja kugundua Daudi alikuwa anaongea hivyo hivyo, Zaburi 13, hata lini utanisahau, hata milele? Ukimwambia mkubwa yeyote hivyo utaonekana huna adabu, ila Mungu kaiacha kwenye Biblia yake.

Mawili ninayofanya mpaka leo. Moja nina daftari ambalo hakuna mtu anasoma, naandika kama barua, nikiandika vizuri sana nafuta naanza upya maana najua hapo nimeanza kuandikia watu. Pili, na hii nadhani ndo yako, chagua kitabu kimoja cha Biblia ambacho HUTAKIFUNDISHA. Hata kikikupa ufunuo wa ajabu hausemi kokote, siyo kwa watoto siyo status siyo Ijumaa. Kiwe chako na yeye tu. Marafiki wa kweli wana mambo yao ambayo wengine hawayajui.

Mlinzi wa Zamu

Nimerudi kusoma upya. Dada nisamehe, nilikujibu haraka kama vile nimeshajua tatizo lako. Na mimi hilo la kusoma kwa ajili ya wengine linanihusu, naongoza vijana.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Huyo Kijiti anasema siyo mtumishi ila kasema kubwa. Nimkumbushie binti na Ndugu Lawrence, mtawa wa Kikarmeli kule Paris aliyefariki 1691. Hakuwa msomi, alipangiwa jikoni, akajizoeza kuwa na Mungu katikati ya masufuria na kelele za watu kama vile yuko amepiga magoti kanisani. Tunamkumbuka mpaka leo kwa hicho tu. Wale wakubwa wa wakati wake waliomfuata kumuuliza siri yake, aliwajibu mambo ya kawaida kabisa, kuongea na Mungu mara kwa mara, kwa maneno mepesi, na ukisahau unarudi bila kujipiga. Hilo la kurudi bila kujipiga binti ulishike, maana watu wa huduma tunajipiga sana.

Sauti ya Pili

Wapendwa nimekaa kimya siku tisa, siyo kwamba nimepuuza. Nimesoma kila jibu, la Samweli nimelisoma nikiwa jikoni nikaacha kupika nikakaa chini.

Nimechagua Habakuki. Ni sura tatu tu, na kwenye somo la watoto hatuigusi. Siku ya kwanza nilipofika mstari wa 2, Ee BWANA nilie hata lini wewe usitake kusikia, mkono wenyewe ukaenda kwenye simu niipige picha niwatumie timu ya maombezi. Nikaiweka simu chumba kingine. Kumbe tabia imekomaa hivyo.

Siku tatu za mwanzo nilifunga mlango nikakaa. Sikusema kitu, dakika kumi, nikatoka. Siku ya nne nikafungua mdomo ikatoka ile ile "Baba tunakuja", nikaacha. Nikasema "nimekuja." Basi. Sikuwa na la pili. Ila jamani sijui niwaelezeje, ile nimekuja ilinitoka mimi, siyo yule mama wa maombezi. Siku ya sita ndo nikamwambia usiku ule nilikuogopa. Nilikuwa nafikiri naogopa mtoto atakufa, kumbe nilikuwa naogopa akifa nitasimama tena Ijumaa mbele za watu kukusifu na sitaweza, na nilikuwa nakuogopa wewe. Nikalia sana, mtoto mwenyewe yuko sebuleni anacheza mzima.

Na mchungaji nimemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia na yeye kuna miezi anapita hivyo.

Sasa nina swali lingine dogo. Jumapili ni zamu yangu kuongoza maombi ya kanisa zima na naogopa nikishika tu maiki nitarudi kule kule. Niombe nipumzike mwezi au niongoze tu?

Mtumishi wa Altare

Kama umechoka pumzika dada, kupumzika siyo kurudi nyuma. Nabii Eliya alipochoka chini ya mti wa mretemu malaika hakumpa huduma, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Mtumishi kasema vizuri. Ila mi nikimsikia binti simwoni amechoka, naona anaogopa. Ongoza binti. Ila fika nusu saa kabla, omba funguo za chumba cha nyuma, funga mlango, mwambie kwanza ile "nimekuja". Halafu ndo utoke useme "tunakuja" na watu wake. Ukisimama pale maombi yakawa mafupi, yaache yawe mafupi, usiyajazie.

Sauti ya Pili

Sawa mzee wangu. Funguo anazo mama mmoja wa usafi, namtafuta leo.